Ukija Marseille anzia Noailles, bandari utaikuta tu

Wageni wengi wanaofika Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, kwa treni wakitoka tu stesheni ya Saint-Charles wanakimbilia Vieux-Port, ile bandari ya zamani, wanakaa kwenye mgahawa wa kwanza wenye menyu ya picha za rangi, wanalipa hela nyingi kwa chakula cha kawaida halafu wanaondoka wanasema mji wenyewe mbona hauna kitu. Mimi naumia nikisikia hivyo maana huu mji naupenda kwelikweli, na ndugu na marafiki niliowatembeza hapa wote nimewapa ushauri uleule: anza Noailles, mtaa wa soko katikati ya mji, tena asubuhi, na usinywe chai hotelini kabla ya kwenda.

Kutoka Saint-Charles ni kituo kimoja tu cha metro, laini ya 2. Ukipanda ngazi ukatokea juu uko sokoni tayari, wanaita marché des Capucins, wauzaji wanaita wateja kwa Kifaransa na Kiarabu, nanaa na giligilani zimefungwa mafungu makubwa, zeituni za kila aina, bamia, muhogo, ndizi za kupika, pilipili mbuzi, bucha za halali zimepangana mtaa mzima. Pale rue Longue-des-Capucins ingia Saladin uone viungo vilivyojazwa kwenye magunia wazi, na kama unapika pilau nunua hapohapo, usisubiri supamaketi. Soko lipo kila siku kasoro Jumapili. Kitu kimoja cha kuzingatia sana, popote unapoingia anza na Bonjour kabla hujauliza bei. Sisi tumelelewa na salamu kwa hiyo haitusumbui, lakini ukiwa na haraka ukasahau utaona sura ya muuzaji inabadilika palepale. Na simu weka mfuko wa mbele, watu ni wengi na vibaka wapo.

Kula sasa. Mtaa wa rue d'Aubagne kuna Chez Yassine, Watunisia, agiza lablabi, ni bakuli la supu ya dengu nzima juu ya vipande vya mkate, wanatia bizari nyembamba, mafuta ya zeituni, harissa (pilipili ya kusaga) na yai, ukimaliza unaweza kutembea mpaka jioni bila njaa. Mtu wa haraka aende Charly Pizza achukue kipande ale amesimama, na watu wa Marseille piza wanaijua vizuri sana, Waitaliano walihamia hapa kwa wingi tangu zamani. Mchana kama una nafasi ya kukaa, nenda Le Fémina pale rue du Musée, wapo tangu 1921, wanapika kuskusi ya shayiri ya kule Kabylie, Algeria, nzito kidogo kuliko ile ya kawaida na mimi naona ndiyo tamu zaidi. Ila fika kati ya saa sita na saa nane mchana kwa saa zetu, baada ya hapo majiko mengi mjini yanafungwa hadi jioni na hata uombe vipi hupikiwi. Na usinunue maji ya chupa, omba une carafe d'eau (jagi la maji), ni bure na maji ya bomba ni salama kabisa.

Kwenye rue d'Aubagne hiyohiyo utakuta pengo, nyumba hazipo. Tarehe 5 Novemba 2018 majengo yaliporomoka pale, watu 8 wakafa, alikuwemo mama mmoja wa Komoro. Nyumba zilikuwa mbovu na watu walishalalamika. Nawaomba wageni wangu wasimame pale kidogo, wasipige selfie.

Wangazija ni wengi mno hapa, watu wanaiita Marseille kisiwa cha tano cha Komoro, wale wa mwanzo wengi walikuja kama mabaharia. Ukitaka chakula chao tafuta migahawa midogo ya mitaani upande wa Belle de Mai na kaskazini yake, mabawa ya kuku ya kuchoma na ndizi au muhogo, bei rahisi, na ukianza kuongea Kiswahili taratibu mara nyingi mnaelewana na ukishaelewana na mama wa pale utaongezewa tu.

Kwa manunuzi, nyuma ya Noailles kuna Maison Empereur, duka la vyombo na vifaa la tangu 1827, vyumba baada ya vyumba, visu, sufuria, vitasa, brashi, unaweza kupotelea humo nusu siku. Karibu yake kuna Père Blaize, duka la mitishamba la 1815, unawaambia unalala vibaya au tumbo linasumbua wanakuchanganyia majani ya chai. Sabuni ya Marseille usinunue zile za pinki na zambarau zenye manukato kali, hizo za watalii. Chukua ule mchemraba wenye mhuri wa 72%, ndiyo kiwango cha mafuta, wa kijani ni wa zeituni na hauna manukato yoyote, unafulia, unaogea, unadumu. Viwanda vya hapahapa kama Le Sérail na Fer à Cheval bado wanapika kwenye masufuria makubwa.

Baada ya hapo ndio ushuke Vieux-Port, na kama unaweza siku nyingine shuka asubuhi uwakute wavuvi wanauza samaki wa usiku ule, wengine bado wanarukaruka kwenye beseni. Bouillabaisse, mchuzi wa samaki maarufu wa hapa, ile yenyewe yenye samaki wa aina nne au zaidi na zafarani, ni zaidi ya euro 60 kwa mtu, na migahawa yenye mkataba wa 1980 unaolinda mapishi yake mara nyingi inataka uagize mapema. Kama bajeti hairuhusu agiza soupe de poisson (supu ya samaki), inakuja na mkate wa kukaanga, kitunguu saumu na rouille (sosi ya kitunguu saumu na pilipili), na ladha utaipata. Vilevile ukiona panisse nunua, ni unga wa dengu uliosongwa kama ugali ukakatwa ukakaangwa, mtu wa bhajia ataipenda siku hiyohiyo.

Fort Saint-Jean, ile ngome ya zamani, na paa la makumbusho ya Mucem unazunguka bure, unalipia maonyesho ya ndani tu, na lile daraja jembamba linalounganisha hizo sehemu mbili jioni lina upepo mzuri. Kwenda Notre-Dame de la Garde, kanisa la juu kilimani, panda basi la 60, usijitese na kilima kwenye jua.

Bahari sasa, hapo ndo watu wanakosea kupanga. Ukitaka Calanques, zile ghuba za miamba kando ya mji, kiangazi angalia kwanza kama njia zimefunguliwa maana moto wa msitu ni hatari kweli na wanafunga ghafla, na Sugiton, mojawapo ya ghuba hizo, lazima ubuki, ni bure lakini nafasi ni 400 tu kwa siku. Beba maji mengi, huko hamna duka wala bomba, na vaa raba sio ndala, mawe yanateleza. Boti za visiwa vya Frioul zinaondokea Vieux-Port, nusu saa hivi, ila upepo wa mistral ukivuma zinaahirishwa, kwa hiyo mipango ya boti weka siku ya kwanza, isiwe ya mwisho, ili ikishindikana leo uende kesho. Na siku ya mistral yenyewe usikae chumbani, rudi Noailles, mitaa ile ni myembamba upepo haukupati sana na chai ya nanaa ipo.