Fedha za Corona kwa wafugaji wa Marekani: je, zinatozwa kodi?

Swali: Mtaalamu, ninafuga ng'ombe katika kaunti moja ya mashambani, Iowa. Februari 2020 niliuza ndama 18, wote chini ya pauni 600, nikabaki na 30 wa uzito huohuo, na ofisi ya kaunti ya FSA, wakala wa wizara ya kilimo ya Marekani, ikanilipa fedha za CFAP, mpango wa kuwafidia wakulima na wafugaji wakati wa Corona. Nilipata pia mkopo wa PPP, wa kusaidia biashara ndogo wakati huohuo, ambao ulisamehewa. Aliyenijazia ritani alisema fedha zote hizo ni msaada, hivyo hazina kodi. Majirani zangu walizitangaza. Je, nimekosea?

Jibu: Ndugu msomaji, kuhusu PPP uliambiwa kweli, kwa kuwa sheria iliyoanzisha mkopo huo ilitamka kwamba kiasi kinachosamehewa hakihesabiwi kuwa mapato katika kodi ya shirikisho. CFAP haikupewa nafuu hiyo. Ilikuwa fidia ya bei iliyoshuka, na kwa kuwa bei ya ndama ungeitangaza kama mapato, fidia inayoshika nafasi yake nayo hutangazwa, tena katika Schedule F, fomu ya mapato na gharama za shamba, mstari wa 4. Neno "msaada" limewaponza wafugaji wengi kuliko ugonjwa wowote wa mifugo ninaoujua.

Kwa ndama wako 18 ulistahili dola 102 kila mmoja, na kwa wale 30 dola 33 kila mmoja, jumla dola 2,826. Kwanza ililipwa asilimia 80, kisha sehemu iliyobaki ikaingia benki baadaye mwaka huohuo. Mwaka 2021 ikaja nyongeza ya dola 7 kwa kila ndama kati ya wale 30, bila mtu kuiomba, nayo ni mapato ya 2021. Wengi hukumbuka malipo ya kwanza tu. Wengine hudai kwamba fomu ya 1099-G, inayoonyesha malipo ya serikali, isipofika hakuna la kutangaza, jambo ambalo si kweli: fomu hiyo ni taarifa tu, wala siyo inayozaa kodi.

Omba FSA ikuchapishie orodha ya malipo yako ya kila mwaka, kisha urekebishe ritani kwa fomu 1040-X. Ukiondoa gharama za malisho na daktari wa mifugo, huenda kodi ikawa ndogo kuliko unavyohofia.

Kinachonikera zaidi ni vishoka. Niliwaona wakidai asilimia ya malipo ili "kufuatilia" maombi ambayo FSA iliyapokea bure, tena ikiwa na mkalimani asiyetoza senti. Wapo waliowashauri wafugaji waandike ng'ombe ambao hawakuwapo zizini, na aliyetia saini maelezo hayo ya uongo ni mfugaji, ilhali mshauri hakuandika jina lake popote. Sasa vishoka haohao wanajaza ritani. Sheria inamtaka kila anayelipwa kwa kazi hiyo atie saini na aandike namba yake ya PTIN, inayomtambulisha mtayarishaji wa ritani. Tazama chini ya ukurasa wa pili wa ritani yako: ukikuta nafasi ya mtayarishaji iko tupu, basi mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ritani hiyo umeijaza mwenyewe, na barua itakapokuja itakuwa na jina lako peke yako.