Kanvasi inayojikuza yenyewe ilivyoniharibia bango la kina mama

Jana usiku kijana mmoja wa hapa Majengo kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, nimebonyeza Fit Canvas to Layers kwenye GIMP, kanvasi imekuwa kubwa na sioni kilichoongezeka, nifanyeje?" GIMP ni programu ya kuhariri picha, kanvasi ni eneo la picha unalofanyia kazi, leya ni tabaka moja la picha juu ya jingine, na Fit Canvas to Layers ni amri ya kuikuza kanvasi ienee leya zote. Nikaisoma meseji mara mbili. Mwaka jana kabla ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane meseji hiyo ningeiandika mimi, ila sikuwa na wa kumtumia.

Kina mama wa kikundi cha zabibu walinipa kazi ya bango la futi 6 kwa 3 la banda lao kwenye maonyesho pale Nzuguni, Dodoma. Picha yao wakiwa shambani, jina la kikundi, namba ya simu, na kona ya kulia kichala cha zabibu nilichokikata mwenyewe jioni nzima. Nikafungua kanvasi ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 3600 kwa 1800, yaani pikseli 50 kila inchi, kwa bango la kusomwa kwa mbali inatosha kabisa.

Saa saba usiku nikaona kivuli cha kichala kinakatika pembeni, nikabonyeza hiyo hiyo Fit Canvas to Layers. Sasa kumbe kanvasi ikijipanua haiangalii macho yako yanaona nini, inapima boksi la kila leya, hata sehemu tupu isiyo na rangi. Boksi la kichala lilikuwa limezidi kulia kwa pikseli 400 na karibu zote ni hewa. Kanvasi ikawa 4000 kwa 1800. Mimi nimezumu kwenye namba ya simu nahakiki tarakimu, pembeni sijaangalia, nikatoa JPEG, ile sehemu tupu ikajazwa nyeupe, nikatuma kuprinti.

Huko wakalivuta lienee futi 6. Likatoka na ukanda mweupe wa inchi 7 na kidogo upande wa kulia, na sura za wale mama zimebanwa nyembamba kama wameugua. Mwenyekiti wao akapitisha kidole kwenye ule weupe taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, na huku mlibakiza kwa ajili ya nini?" Hakupandisha sauti. Hadi leo nikilikumbuka lile swali linaniuma.

Nikaprinti upya kwa hela yangu na likapendeza, nililipachika kwa mikono yangu mwenyewe.

Wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa kazi hii, kazi ya kuprinti kipimo unakiamua wewe kabla hujaweka picha hata moja. Kanvasi ya kujikuza ni nzuri sana ukiwa unapanga picha nyingi na hujui zitaishia wapi, hata Photoshop wanayo, inaitwa Reveal All, inafunua kila kilichojificha nje ya ukingo. Ila ukishapanga rudi kwenye kipimo cha mteja. Usitume faili bila kusoma pikseli zake, nasema tena, soma pikseli, heshima ya mteja iko hapo, mtu katoa hela ya mavuno yake kukulipa.

Na wewe wa Majengo, bonyeza Ctrl na Z kwanza kanvasi irudi. Halafu chagua leya moja moja, nenda menyu ya Layer, bonyeza Crop to Content, boksi litabana hadi kwenye picha yenyewe. Ukimaliza nitumie upana na urefu niuone kabla hujaenda kuprinti.