Maswali Yenu: Lupu Inayoshtuka na Kiingilio Kilichouma

Swali: Fundi, habari za saizi. Niko Mbagala, nachezesha video kwenye skrini nyuma ya madj wa singeli, lupu, yaani video fupi zinazojirudia, natengeneza mwenyewe. Nyumbani ziko poa kabisa ila nikifika kwenye shoo kila ikirudi mwanzo inashtuka na watu wanaona. Laptopu mbovu au mimi?

Kaka, nusu wewe nusu laptopu. Tuanze na wewe. Wengi tukitengeneza lupu tunahakikisha fremu ya mwisho, yaani picha moja ya mwisho ya video, inafanana na ya kwanza, tunafurahi, kumbe hapo ndo kosa, maana ikizunguka picha hiyohiyo inatokea mara mbili mfululizo na jicho linahisi kitu kimekwama. Ifute hiyo ya mwisho, basi. Kama ni klipu ya kamera, mfano mawimbi pale feri au moshi wa mishkaki, ikate katikati, kipande cha pili kilete mbele cha kwanza kiweke nyuma, sasa mwisho na mwanzo vinaungana vyenyewe kwa sababu vilikuwa vimefuatana toka mwanzo, na kovu limehamia katikati ambako unalifunika kwa kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine. Ile njia ya mkato ya kucheza mbele halafu kinyumenyume achana nayo, kwa mtu anayenengua inakubali, lakini moshi unaorudi ndani ya jiko hata mtoto atacheka.

Halafu hesabu. Singeli ikienda biti, yaani mapigo, 200 kwa dakika, biti moja ni sekunde 0.3, na video ya fremu 25 kwa sekunde inakupa fremu saba na nusu. Nusu fremu haipo duniani, kwa hiyo lupu ya biti moja itateleza tu hata ufanyeje. Chukua biti 16: sekunde 4.8, fremu 120 kamili, inakaa kwenye muziki kama ilizaliwa nao.

Laptopu sasa. MP4 ya kawaida haihifadhi kila picha nzima, inaweka moja nzima halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, ukiiambia iruke sehemu inabidi ipige hesabu upya, na ukipandisha klipu tatu juu ya nyingine mashine inaanza kuhema. Wenye kazi yao wanageuza klipu kuwa faili la aina ya HAP, au DXV kama unatumia Resolume, ile programu ya kuchezeshea video kwenye shoo, huko kila fremu inasimama yenyewe na kadi ya grafiki ndo inabeba mzigo. Faili linakuwa kubwa mno, kwa hiyo tafuta SSD, flashi ya buku kumi itakuaibisha.

Na zima notifikesheni zote! Mimi harusi moja nilisahau WhatsApp wazi, bi harusi ndo anaingia, maua yanadondoka taratibu kwenye skrini ya mita sita, juu ya maua ikatokea "kaka ile elfu themanini vipi". MC akaisoma kwenye maiki.

Swali: Projekta ya mwanga wa lumeni 3,000 itafaa sherehe ya mchana chini ya turubai? Niko Tanga.

Haifai dada. Ukumbini taa zikizimwa itakupendeza, chini ya turubai jeupe saa nane mchana utaona kitambaa. Kodi skrini ya LED au sogeza mambo mpaka magharibi ipite.

Swali: Nilialikwa maonyesho ya sanaa ya dijitali hapa Mombasa, nikalipa, kufika ni chumba giza, ukutani video ya dakika mbili yarudiarudia. Nikakaa nangoja hadithi ianze mpaka nikaona haya. Hii nayo ni sanaa ama nimeliwa?

Ndugu yangu, sijaiona hiyo kazi, inawezekana kweli ulikuwa uvivu wa mtu. Ila kurudiarudia peke yake si wizi. Kwenye taarabu kiitikio kikirudi ndo watu wanainuka kwenda kutuza, hakuna anayedai nauli yake. Mbelgiji mmoja, Joseph Plateau, mwaka 1832 alikuwa na kisahani chenye picha za mcheza dansi, unakizungusha mbele ya kioo anazunguka bila mwisho, yaani lupu imeitangulia sinema yenyewe. Nam June Paik, Mkorea, mwaka 1974 akaiweka sanamu ya Buddha mbele ya tivii, na kamera inayoirusha sanamu hiyohiyo kwenye tivii, Buddha anajitazama mpaka leo. Hapo huulizi hadithi itaanza lini.

Ninayoipenda zaidi ni The Clock ya Christian Marclay, ya 2010. Ni saa 24 nzima za vipande vya sinema vyenye saa za ukutani, za mkononi, mtu anauliza saa ngapi, na vimepangwa hivi kwamba ukiingia saa tisa na dakika kumi alasiri, kwenye skrini nako ni saa tisa na dakika kumi. Mwaka 2011 ilimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Siku nyingine kaa mzunguko wa tatu, angalia pembeni ya picha, sio katikati. Ukikuta hakuna kitu hapo uwaseme.

Swali: Mdogo wangu ana kifafa na anataka kwenda shoo ya singeli Arusha, nimeona matangazo taa na skrini zinawakawaka. Nimruhusu?

Muulize daktari wake kwanza, mimi ni fundi tu, na si kila mwenye kifafa anasumbuliwa na mwanga. Ila hofu yako si ya bure. Desemba 1997 Japani, katuni ya Pokémon ilimulika nyekundu na bluu kama mara 12 kwa sekunde, na watazamaji karibu 700 wakapelekwa hospitali, wengi watoto. Kiwango kinachofuatwa ni kutozidi mimuliko mitatu kwa sekunde. Sasa rudi kwa kaka wa Mbagala hapo juu: biti 200 kwa dakika ni zaidi ya tatu kwa sekunde, ukimulika kila biti tayari umevuka, mulika biti moja ruka moja. Daktari akikubali, mdogo wako akae nyuma mbali na skrini, na mwanga ukianza kumchezea afunike jicho moja kwa kiganja, ageuke, atoke nje. Kufumba macho tu hakutoshi, mwanga unapenya kwenye kope.