Tui Likatike, Mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako limenichekesha: mbona mchuzi wa kijani wa Kithai, uliopika mara tatu sasa huko Bristol, unatoka mweupe kama maziwa, wala hauna yale mafuta ya kijani uliyoyaona yakielea mkahawani?

Kosa ni langu. Tangu u mdogo nimekuimbia: tui jepesi kwanza, kasimile mwisho, na mkono usiache kukoroga, tui lisikatike. Kwa mchuzi wa pweza, ndivyo. Wathai wanaanza kinyume. Kasimile ndilo linalotangulia chunguni, na linatakiwa likatike. Nilipokuwa napika hotelini Nungwi, mpishi wetu wa Kithai aliponionesha mara ya kwanza nilidhani kaharibu chakula cha wageni.

Basi kopo la tui usilitikise. Chota ile nzito ya juu, vijiko vikubwa sita hivi, uweke kwenye sufuria pana, moto wa wastani. Mwanzo litatokota kwa povu. Baada ya dakika tano, sita, mlio unabadilika: linaacha kutokota, linaanza kukaanga, na mafuta yanajitenga pembeni. Hapo ndipo viungo vilivyotwangwa viingie, maana harufu yake hufunguka kwenye mafuta. Ukivitia kwenye tui lote, unavichemsha tu. Soma na maandishi ya kopo. Mengi yana dawa ya kuzuia mafuta yasijitenge. Tafuta lenye nazi na maji peke yake. Ukikosa, ongeza kijiko cha mafuta ya nazi, usione haya.

Viungo vya kununua sikukatazi. Ukiwa na kinu, anza na gilgilani, uzile na pilipili manga nyeupe, vikavu na vilivyokaangwa kidogo. Kisha chumvi, pilipili kichaa mbichi, mchaichai, mizizi ya kotmiri na galangali. Tangawizi haishiki nafasi ya galangali, ingawa zinafanana kama ndugu. Vitunguu maji vidogo na thomu baadaye, na mwisho kapi, ule uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Inanuka, najua. Usiiache.

Vijiko vitatu vya viungo hivyo vinatosha kopo moja. Vikaange mpaka mafuta yageuke kijani, tia mapaja ya kuku yaliyokatwa, geuza, ndipo umimine tui lililobaki. Nyanya chungu zinafaa, zinakaribia sana mabilingani yao madogo ya mviringo. Majani ya mndimu wa Kithai yachane kwa mkono. Chumvi ya mchuzi ni nam pla, yale maji ya samaki, na sukari ya mnazi iwe kidogo sana. Jina lake, kaeng khiao wan, lina neno "tamu", lakini utamu huo ni wa rangi, kijani kilichopoa. Mrehani utie ukishazima moto.

Siku ukitaka wenye harufu ya kwetu, uliza viungo vya massaman, mchuzi mwingine wa Kithai: mna hiliki, mdalasini na karafuu. Huo tutauongea siku nyingine, unataka saa nzima jikoni.

Wali usiutie nazi.

Ijumaa ukipika nipigie, uiweke simu karibu na sufuria. Nataka nisikie mlio ukibadilika.

Baba yako