Waliachiwa huru, walikombolewa au walijikomboa?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu mitazamo mipya ya vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Nimeandika: "Katika vita hivyo vya kiraia majeshi ya shirikisho yalishinda, na mwaka 1863 Lincoln akawaachia huru watumwa wote." Mhariri amepiga mistari myekundu karibu kila neno, bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na jepesi. Kivumishi "-a kiraia" hueleza mambo ya watu wasio askari: mavazi ya kiraia, ndege ya kiraia. Vita hivi vilipiganwa na majeshi mawili yenye sare, mizinga na majenerali. Jina lake lililozoeleka ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. "Wenyewe" hapo ni watu wanaopigana, kwa hiyo usishawishike kuandika "vyenyewe kwa vyenyewe". Ukitaja nchi, "vya" inarudi: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Atakayekuletea "Vita Kuu ya Pili ya Dunia" ili kutetea "vita ya" mwambie jina hilo limeganda hivyo lenyewe, wala halivunji kanuni kwa mengine.

"Majeshi ya shirikisho" ni hatari zaidi, kwa sababu msomaji hatajua nani ameshinda. Serikali ya Washington huitwa kwa Kiswahili serikali ya shirikisho, na majimbo 11 yaliyojitenga nayo watafsiri wengi huyaita Shirikisho. Neno moja, kambi mbili zinazouana! Andika majeshi ya Muungano kwa upande wa Rais Lincoln, na majeshi ya majimbo yaliyojitenga, au ya Kusini, kwa upande wa pili. "Kaskazini" itumie kwa tahadhari: Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yalikuwa na watumwa lakini yalibaki ndani ya Muungano.

Sasa kitenzi, ambapo hiyo mitazamo mipya yenyewe inakaa. "Kuachia huru" kunamtaka anayeshikilia na anayeshikiliwa: askari jela humwachia mfungwa. Ukiandika "Lincoln akawaachia huru watumwa", tendo lote ni la Lincoln, na karibu watu milioni 4 wamebaki kuwa shamirisho. Wanahistoria wengi wa sasa wanapinga picha hiyo hasa. Wanaonyesha kwamba watumwa walianza kuhama mashamba mapema, wakaifuata kambi ya Muungano, na kuilazimisha serikali iamue la kufanya.

Tazama kisa cha Fort Monroe, Virginia, Mei 1861. Wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wakitumikishwa kujenga ngome ya mizinga ya Kusini, walivuka maji usiku na kuingia Fort Monroe, ngome iliyokuwa mikononi mwa Muungano. Mmiliki wao alipotuma mjumbe kuwadai, Jenerali Benjamin Butler, mkuu wa ngome hiyo, ambaye alikuwa mwanasheria, alikataa: Virginia inajidai ni nchi ya kigeni, basi haina haki ya kudai sheria ya Marekani ya kurudisha watoro. Aliwahesabu kuwa mali ya adui iliyotumika vitani. Kiingereza huiita "contraband"; hapa watafsiri wengine huandika "bidhaa za magendo", na msomaji anafikiria sukari iliyovushwa mpakani gizani. Neno linalofaa ni ngawira. Ni neno linalokera, na linapaswa kukera: Butler aliwapa hifadhi bila kuwatoa kwenye daftari la mali.

Je, watu hao watatu tuseme walitoroka? Ndiyo, ikiwa unaeleza mwendo wao. Lakini "-toroka" lina harufu ya kosa; mtoro wa leo ni mwanafunzi asiyeonekana darasani. Ukilitumia peke yake, umekubali kimyakimya kwamba walikuwa na wajibu wa kubaki. Robert Smalls, mtumwa, alipoiendesha meli ya Kusini iitwayo Planter kutoka bandari ya Charleston Mei 1862, akiwa na familia yake, hadi kwenye manowari za Muungano, "alitoroka na meli" inaeleza safari. "Alijikomboa" inaeleza alichokipata. Kiambishi -ji- ndicho kinachomfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja.

Hiyo haina maana uandike "walijikomboa" kila mahali. Watu zaidi ya 700 walioondolewa kando ya mto Combahee Juni 1863, katika uvamizi wa majeshi ya Muungano ulioongozwa pia na Harriet Tubman, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, walikombolewa, na hapo "na nani" lazima itajwe. Tangazo la Lincoln la 1 Januari 1863 lilihusu maeneo yaliyoasi tu, kwa hiyo sema aliwatangazia uhuru watumwa wa maeneo hayo. "Wote" na "1863" havikai sentensi moja. Kilichokomesha utumwa nchi nzima ni Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865.

Na "watumwa" lenyewe? Wapo wanaotaka "watu waliofanywa watumwa" kila mstari. Kwangu linachosha bure: m-tum-w-a tayari lina -w- ya kutendwa, yaani kuna aliyemtuma. Ila usiandike "waliotekwa", kwani wengi wao walizaliwa Marekani, utumwani.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Katika vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe majeshi ya Muungano yalishinda. Watumwa wengi walijikomboa kwa kukimbilia kambi zake tangu 1861. Mwaka 1863 Lincoln aliwatangazia uhuru wale wa maeneo yaliyoasi."

Ukifika kwenye idadi ya askari waliopoteza maisha, iliyokadiriwa kwa miaka mingi kuwa 620,000 na baadhi ya wanahistoria sasa wakiipandisha hadi karibu 750,000, andika "waliokufa". "Waliouawa" haitafaa: takribani theluthi mbili walimalizwa na maradhi.