Kwa dada wa Kitengela anayetaka kumpandisha mama meli ya kitalii Durban

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kushika simu kujibu. Unataka kwenda na shemeji na mama yako mwenye miaka 68, safari ya meli ya siku nne kutoka Durban mwezi wa Desemba. Umeuliza gari mliache wapi, chakula cha melini kikoje, na ni gharama gani ambazo hazionekani kwenye tangazo. Nimesafiri kwa meli za aina hii mara mbili, mara ya kwanza kutoka Barcelona na mume wangu, mara ya pili kutoka hapo hapo Durban nikiwa na mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari na magoti yanamsumbua. Kwa hiyo nakujibu kama binti aliyebeba jukumu unalotaka kulibeba.

Nianze na jambo ambalo hukuuliza. Safari hizi huharibikia nchi kavu. Ukishaingia melini kuna watu mia kadhaa ambao kazi yao ni kukutunza. Kati ya Kitengela na ngazi ya meli ni wewe mwenyewe, na hapo ndipo nguvu zako zote za kupanga ziende.

Safari ya Barcelona tulifika siku ile ile ya kung'oa nanga, kwa sababu tuliona usiku mmoja wa hoteli ni hasara. Ndege ya kwanza ikachelewa, tukaiwahi ya pili kwa kukimbia, mizigo haikukimbia nasi. Meli haikungoja masanduku. Siku tatu mume wangu alivaa suruali moja, nami nilifua blauzi kwenye sinki kila usiku. Kwa hiyo fikeni Durban jana yake. Hapa hakuna mjadala kabisa. Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa nne angani, kisha hapo mnapitia uhamiaji, mnachukua mizigo yenu, mnaikabidhi upya kwa ndege ya ndani ya kama saa moja. Ukipanga muda mfupi kati ya ndege hizo mbili, na mama magoti yanamsumbua kama wangu, utaumia. Omba kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi, usisubiri kuomba pale uwanjani. Uwanja wa ndege wa Durban, King Shaka, nao uko mbali kiasi na mji, kama kilomita 35, na bandari iko mjini.

Sasa gari. Mara ya kwanza tuliliacha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, siku kumi. Tulirudi alfajiri, tumechoka, betri imekufa, na bili ya maegesho ilikuwa kubwa kuliko teksi ya kwenda na kurudi. Mara ya pili gari lilibaki kwa wifi yangu Syokimau. Tulilala kwake, asubuhi mume wake akatupeleka uwanjani kabla foleni ya Mombasa Road haijaanza, na kila baada ya siku mbili alikuwa akiliwasha. Kama huna ndugu upande huo, liacheni Kitengela kwenye kiwanja chenye mlinzi na mchukue teksi. Kama ni lazima kuliegesha, hoteli kadhaa za karibu na uwanja huwaruhusu wageni waliolala kwao usiku mmoja kuacha gari. Piga simu uulize bei ya siku zote, na uombe jibu kwa maandishi. Na usimwachie funguo mtu ambaye huna namba yake ya kitambulisho.

Karatasi. Kwa Afrika Kusini tuna bahati, tangu Januari 2023 sisi wenye pasi ya Kenya hatuhitaji viza kwa ziara za hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini meli itagusa Msumbiji, basi iandikie kampuni ya meli barua pepe ukitaja pasi ya Kenya, uulize masharti ya kila bandari, na uhifadhi jibu lao. Pasi iwe na angalau miezi sita mbele. (Wanaofikiria Bahari ya Mediterania wasikilize hapa: kama meli inatoka Barcelona, inapita Tunis, kisha inarudi Ulaya, viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja haitoshi. Pale kaunta nilimwona mama mmoja akirudishwa na masanduku yake kwa sababu hiyo hiyo. Bado namkumbuka uso.)

Kadi ya manjano ndiyo itakayokupa kazi. Afrika Kusini huidai kwa watu wanaotoka Kenya. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, na mkishachanjwa cheti ni cha maisha. Wewe na shemeji hamtakuwa na shida. Mama ana miaka 68, na kama hajawahi kuchanjwa, usimpeleke tu kwenye foleni ya sindano. Kwa mtu aliyepita miaka 60 chanjo hii ya mara ya kwanza inahitaji daktari aipime kwanza, hasa akiwa na maradhi mengine. Daktari akiona haifai, anaweza kumwandikia cheti cha msamaha, nacho mkithibitishe na upande wa Afrika Kusini kabla ya kulipa chochote. Anza na hili hata kabla ya kuchagua meli.

Chumba. Bei ya chini kabisa ni chumba cha ndani kisicho na dirisha. Kwa vijana ni sawa. Kwa mama yako ningelipa zaidi apate dirisha, kwa maana mtu mzima akiamka kwenye giza totoro, sakafu inacheza, hajui ni usiku au mchana, huogopa. Mama yangu alisema dirisha lile ndilo lililompa usingizi. Chagua katikati ya meli na sitaha za chini, ndipo meli hutikisika kidogo zaidi, kisha uangalie ramani kama lifti iko karibu. Bahari ya nje ya Durban si bwawa. Anayeogopa kulewa bahari anywe dawa kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Muulizeni daktari wa mama ni ipi isiyogombana na dawa zake. Tangawizi nayo ilitusaidia.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa utalikabidhi gatini na huenda likafika chumbani jioni. Mkoba huo pia ubebe pasi, kadi za manjano, miwani, kanga moja na nguo ya kubadilisha. Kama mama anatumia insulini, omba jokofu la dawa mapema. Msibebe pasi ya umeme ya nguo, birika la umeme wala waya wa kuongezea soketi wenye kinga, vitachukuliwa mlangoni. Kisha kabla meli haijaondoka kuna mafunzo ya dharura, kila mtu aoneshwe pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Ni lazima, na mama naye aende.

Chakula ndicho kitakachowafurahisha, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Kuna mikahawa mikubwa mnayoketi na kuhudumiwa, na kuna bafe. Zote mbili zimo ndani ya nauli. Kuna pia mikahawa midogo ya kulipia, ambayo kwa siku nne sioni haja yake. Kwenye mkahawa mkubwa jioni mtapangiwa zamu, ya mapema au ya usiku. Chukueni ya mapema, mwenye kisukari hawezi kungoja hadi saa tatu usiku. Mkipangiwa zamu isiyowafaa, siku hiyo hiyo ya kwanza mwendeeni msimamizi wa mkahawa, maana kesho yake meza zimeshajaa. Mwambieni pia kama mama ana kisukari, au kama mnakula halali, ingawa hayo ni bora yaandikwe wiki kadhaa kabla. Sisi tulipewa mhudumu mmoja siku zote. Siku ya pili tayari alijua mama hali kitamu, akawa anamletea tunda bila kuambiwa. Na usione haya kuagiza vyakula viwili vya mwanzo badala ya kimoja kikubwa, au kuomba nusu. Hakuna malipo ya ziada.

Siku ya kupanda, saa saba mchana, bafe huwa kama soko la Gikomba. Ulizeni kama mkahawa wa kukaa uko wazi, mara nyingi uko, na watu hawajui. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kila mlo, kwa sababu virusi vya kuharisha vinavyosumbua melini haviuawi vizuri na ile jeli ya mikono. Ugali hamtaukuta. Chai ya maziwa ya kuchemsha pia hakuna, kwa hiyo mama yangu alibeba majani yake ya chai kutoka nyumbani, tukawa tunaomba maziwa ya moto na maji yanayotokota. Hicho kikombe cha asubuhi, amekaa dirishani anaangalia maji, ndicho anachowahadithia wenzake wa chama hadi leo.

Gharama za kando sasa. Kubwa ni bakshishi, ambayo kampuni nyingi huikata zenyewe kila siku kwa kila mtu. Ikiwa dola 15, watu watatu kwa siku nne ni dola 180, zaidi ya shilingi 23,000. Ongeza kodi za bandari kama hazimo kwenye nauli, intaneti, soda na maji ya chupa. Vifurushi vya vinywaji mara nyingi hudai kila mtu mzima wa chumba kimoja anunue, hesabuni kwanza mnakunywa nini hasa. M-Pesa huko haifanyi kazi. Matumizi yote huingia kwenye kadi ya chumba, na kadi ya benki ya kawaida huzuiliwa amana ambayo huchukua siku kadhaa kurudi, basi msiweke humo pesa za karo ya Januari. Simu iwekeni kwenye hali ya ndege mara tu mkiondoka, mtandao wa setilaiti wa melini hutoza vikali. Daktari wa melini naye hulipwa papo hapo, kwa hiyo bima ya safari inunuliwe Nairobi, na kama mama ana ugonjwa, utajwe wazi kwenye fomu.

Simu ikiwa kwenye hali ya ndege inaweza kubaki na saa ya Nairobi, ambayo iko mbele ya saa ya Durban kwa saa moja. Fuateni saa ya meli. Mimi nilimwandikia mama kikaratasi cha saa zetu, "chakula saa kumi na mbili na nusu," kwa sababu ratiba imeandikwa kizungu na alikuwa anachanganyikiwa.

Kama ratiba ina kisiwa kama kile cha Wareno karibu na Inhaca huko Msumbiji, jueni meli hutia nanga mbali na watu hupelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Kuingia botini kunataka mguu imara, na bahari ikichafuka nahodha hufuta. Mama yangu alibaki na hakujuta.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, yanabebwa usiku. Bakini na nguo za asubuhi, dawa na pasi. Ndege ya kutoka Durban isiwe kabla ya saa nane mchana. Ukishapata jibu la daktari kuhusu chanjo, liandike hapa hapa, nikusaidie kupanga tarehe za ndege.