Mpaka na njia ni madai mawili tofauti

Jirani yetu alipojenga ukuta alileta matatizo mawili kwa mpigo: aliingia ndani ya kiwanja chetu upande wa nyuma, halafu akaziba njia tuliyokuwa tukipita na gari. Ndugu wakasema tushtaki uvamizi, basi. Wakili wetu alikataa. Alitaka madai hayo yatenganishwe tangu kwenye hati ya madai, nami leo namwambia hivyo kila mwenye mgogoro kama wetu.

Mpaka huthibitishwa kwa vipimo: hati ya umiliki, ramani ya upimaji, na mpima ardhi mwenye leseni atakayesimama mbele ya hakimu aeleze alichopima. Njia ni habari nyingine kabisa. Unaweza kuwa na haki ya kupita kwenye ardhi ambayo si yako, na jirani akabaki kuwa mmiliki. Utakachoulizwa ni haki hiyo imetoka wapi. Je, mliandikiana? Mmepita hapo miaka mingi, kwa uwazi, bila kuomba ruhusa? Au shamba kubwa lilipogawanywa, kipande chako kilibaki hakina pa kutokea? Ukidai njia ni mali yako ilhali ramani inasema ni ya jirani, umejifunga mwenyewe.

Kesi yetu iligeuka siku hakimu alipokuja kuona eneo. Alitaka kila upande usimame pale unapodai ndipo mpaka ulipo. Jirani akasimama kwenye ukuta wake. Mpima akafungua ramani, akavuta futi kutoka kona ya barabarani, akafukua nyasi na udongo, na jiwe la mpaka likaonekana ndani ya ua wa jirani. Kwa hiyo nakusihi, jiwe la mpaka usiliguse hata kama limelala. Ukiling'oa ukalisimamisha upya, ushahidi wako umekufa, na katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai. Ukuta nao usiubomoe; omba zuio la muda ujenzi usimame.

Suala la njia tulilimaliza kwa suluhu. Tuliandika upana kwa mita, inapoanzia na inapoishia, na nani ataitengeneza mvua ikiiharibu, kwa sababu amri ya "njia ifunguliwe" tu huzaa ugomvi mpya wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Mahakama iliisajili suluhu hiyo kuwa amri yake, kisha tukaiandikisha kwenye daftari la ardhi ili hata atakayenunua kiwanja cha jirani imfunge.